Kengele ya Nane

Jamani, kaka yangu Genta kastaafu ngumi, kweli kabisa! Jana Osaka walimsimamisha ulingoni wampigie kengele kumi za kumuaga, kama bondia anayehesabiwa hadi kumi akiwa chini, asipoinuka basi kwisha. Mama roho juu, maana kaka alishaahidi kuacha mara mbili akarudi. Alisimama mabega yamelegea, kama anasinzia. Kengele ya nane ilipolia, mikono ikapanda yenyewe, ngumi tayari! Miaka yote akiangushwa, alikuwa anainuka refa akifika nane.

Mama akapaza sauti: "We Genta! Shusha mikono, baba, unampiga nani hapo?"

Kaka akacheka kidogo. "Nimechoka, mama."

Kengele ya kumi ilimkuta amekaa chini, katulia.