La Tatu Kutoka Nchani

...aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni mjomba Duilio, Pasaka ya mwaka 1966, mezani kwetu mtaa wa Leichhardt, glasi mkononi, akasema shemeji yake Elvio, baba yetu, ana bamba lake la vigae juu ya paa la jumba la Opera, pale bandarini, la tatu kutoka nchani, upande wa maji, na mimi mwenye miaka tisa nikaliandika daftarini, ndiyo maana leo nimekaa kwenye ngazi hizi za Opera na darubini mapajani, simu sikioni, kaka yangu Renzo akisema, "Dada, fundi wa jiwe la kaburi anataka kwenda kula, aandike baba alijenga paa la Opera au asiandike?" ngoja kidogo, "Nimengoja tangu Jumatatu, wewe ukiulizwa jina lako unakwenda kwanza kutazama cheti," hakosei, ngoja, kila Jumapili tulilionyesha kwa kidole, baba nyuma yetu kimya, tukadhani ni unyenyekevu... vigae vilipangwa chini, uani, ndani ya kalibu, kifudifudi, uso wa kung'aa ukitazama ardhi, gundi kwenye maungio, kisha zege mgongoni, likawa bamba moja, naye baba akakilaza kigae kimoja chali, kimoja tu, bamba lilipogeuzwa mgongo wake wenye mikwaruzo ukatokeza katikati ya weupe, nyapara hakufoka, alichora msalaba wa chaki, bamba likavunjwa, hayo aliniambia mimi peke yangu, jikoni, uzeeni, akimenya chungwa, "Renzo usimwambie," na kwa chungwa vilevile alitufundisha utotoni kwamba yule Mdenmaki aliyechora jengo aliyakata mapaa yote kutoka tufe moja, kama vipande vya ganda, ukivirudisha vinakubaliana... basi mpindo ni uleule kila mahali, la tatu ni kama la thelathini, hata waliopanga vigae hawawezi kusema hili langu, wao waliona migongo tu, "Dada, upo?" nipo, "Nani atapanda juu kuhakiki?" hakuna, Renzo, lakini jiwe halifutiki... na baada ya kosa lile alipewa kazi gani, hilo nililiandika pia, ukurasa wa nyuma, sikulipa uzito, bomba la mvuke, miezi kumi na minne, kuyeyusha gundi usoni mwa kila bamba lililotoka kwenye kalibu, si yote, ya zamu yake, kwa hiyo uso ule, kabla ya bandari nzima kuuona, aliyeuona kwanza... jua limefika pale vigae vya kung'aa vinapokutana na vilivyofifia, "Mwambie aandike, aliosha paa la Opera," "Aliosha? Kama sahani?" kama sahani, ni kweli, nina tarehe, "Mjomba Duilio angekutupia uma," angenitupia, na kigae cha chali sitakisema, niliahidi, mjomba alikufa 1991, mama 2003, baba mwezi wa tatu mwaka huu, wa meza ile tulio hai ni wawili, mimi hapa ngazini, na Renzo, hajakata simu, namsikia anapumua.