Jibu la Dobi

Mpira wa kupimia tumbo ulipotolewa kooni, dobi wa hospitali alitema mate yenye damu juu ya shuka aliyoifua mwenyewe jana yake. Aliitambua kwa kiraka chake. Akaikunja haraka, doa likabaki ndani, wanafunzi wa udaktari waliojipanga ukutani wasilione.

"Acha tu, mama," alisema daktari bingwa bila kumtazama. "Kuna watu wa kufua."

Kando ya kitanda alikaa binti yake wa miaka minane, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa hauna breki. Naye alikuwa amepimwa asubuhi ile. Dawa ya usingizi ilikuwa haijamtoka, na leo alikuwa kimya.

Daktari aliwaonyesha wanafunzi picha mbili za tumbo kwenye kioo cha kompyuta.

"Bakteria ni wale wale, kwa mama na kwa mtoto. Ila tumbo la mtoto limetulia. Kinga yake ina askari wanaowazuia wenzao wasipigane ovyo, kwa hiyo bakteria wanakaa bila kusumbuliwa. Kinga ya mama imepigana nao miaka nenda miaka rudi. Hawakutoka, na vita vimeunguza ukuta wa tumbo. Ndivyo vidonda hivi."

"Mtoto kawapata wapi?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Mara nyingi ni nyumbani, utotoni. Mate ya mzazi, au maji yaliyoingia kinyesi." Akamgeukia dobi. "Ulikuwa unamtafunia chakula?"

Alimtafunia. Alimtafunia mpaka magego yalipoota, kama naye alivyotafuniwa na mama yake. Lakini msichana mmoja mwenye koti jeupe alikuwa amekunja pua, na dobi akahisi uso unamwaka.

"Hapana, daktari."

"Mnakunywa maji gani?"

Walichota shimoni, pale bomba la mtaa lilipopasuka kando ya mtaro wa vyoo. Kila asubuhi alisukuma povu kando kwa kopo kabla ya kujaza ndoo. Kuni za kuchemshia hazikupatikana kila siku.

"Ya bomba," alisema. "Nachemsha. Maji yetu ni safi."

Kalamu ya daktari ikaandika kwenye faili la utafiti.

Alipewa vidonge vya wiki mbili. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mtoto naye atapata.

"Huyu haumwi. Akikua tutaona."

Alitaka kuuliza, akikua awe kama mimi? Akashukuru, akambeba mwanawe mgongoni.

Mwezi uliofuata ulifanyika mkutano wa mtaa. Wakazi walikuwa wameandika barua kuomba bomba litengenezwe, na dobi mwenyewe alitia dole gumba. Bwana maji, mkubwa wa idara, alikuja na faili. Alisimama kivulini, wao walikaa juani.

"Ndugu zangu, barua yenu tumeisoma. Lakini sisi hatuendi kwa maneno ya mitaani, tunakwenda kwa utafiti." Akafungua ukurasa. "Hospitali imempima mkazi wa hapa hapa, tena mfanyakazi wake. Amesema maji yenu ni ya bomba, na ni safi. Sasa mnalalamika nini?"

Watu walitazamana. Fundi cherehani, aliyemzika mjukuu wake aliyekufa kwa kuhara mwezi ule ule, aliinuka akishika kiuno.

"Nani huyo? Asimame tumwone! Aje anywe hapa mbele yetu!"

Dobi aliinamisha kichwa, akautazama mchanga. Angeweza kusimama. Angesema: ni mimi, nilidanganya, niliona aibu mbele ya watoto wa watu. Akavuta kanga hadi usoni.

Chiriku alinyanyua shingo. "Mama," alianza, kwa ile sauti yake ya kufika mbali, "kwani si wewe unayefanya kazi hospi—"

Mkono wa mama ulimfumba mdomo. Mtoto alifurukuta.

"Kama huyo mtu hayupo, hoja imefungwa," alisema bwana maji, akifunga faili.

Fundi cherehani alikuwa bado amesimama, akipitisha macho uso kwa uso. Chiriku aliuma kiganja cha mama yake, akauma kwa nguvu zote, na dobi hakukiondoa.