Mashine Aliyoiahidi Mohamedi

Mwanamke huyo hakubisha hodi. Aliingia kibandani kwa Rehani, pale Msamvu, akatua kapu la magimbi juu ya redio iliyofunguliwa tumbo, akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Kumbe ukoo wenu bado upo? Nilidhani mmeshakufa wote kwa uvivu."

Rehani hakuwahi kumwona maishani mwake. "Shikamoo, mama," alisema.

"Shikamoo gani? Si wewe uliyepewa jina la Mohamedi? Basi sasa wewe ni rika langu. Haya, Mohamedi, mashine yangu iko wapi?"

Josephina, muuza chipsi wa kibanda cha jirani, alicheka mpaka akashika nguzo. Rehani alitoka nje akampigia simu mama yake.

"Anatukana?" mama aliuliza. "Basi huyo ni Mwaisha wa Kinole, mtani wetu. Msikilize. Siku ile ya arobaini ya mjomba wako, walipokupa jina lake, hukupewa jina tupu, mwanangu. Alichoahidi yeye umeahidi wewe."

Rehani alikuwa amekulia mjini. Alimaliza chuo cha kompyuta miaka mitatu iliyopita, na kazi hakupata. Mjomba Mohamedi alipofariki akamwachia kibanda cha kutengeneza redio na televisheni, na jina lake. Kibanda alikishukuru. Jina aliliona kama kofia ya sherehe tu, ya kuvaa siku moja na kuivua.

Aliporudi ndani, Mwaisha alikuwa amekalia kiti chake.

"Mume wangu Said na mjomba wako walikuwa marafiki tangu ujana," alisema. "Wakishusha ndizi mjini, hawarudi mpaka wapitie ukumbi wa gemu. Nimewahi kuwasubiri sokoni mpaka ndizi zikaiva! Sasa Said ana presha ya macho. Mohamedi akamwambia, nitakuundia mashine ya kukaa mezani, ikae kwako, ucheze wakati bado unaona. Halafu kifua kikamwahi yeye."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari hana la kusema. Juzi Said kamkaribisha mbuzi kiti."

Alilisema kwa mzaha, lakini mwenyewe hakucheka. Rehani aliinama chini ya meza. Sanduku la plaiwudi la mashine hiyo lilikuwepo kweli, limepigwa randa vizuri, na ndani halina kitu.

"Nitaileta mwenyewe," alisema. "Jumamosi ya tatu kuanzia hii."

"Nyie watu wa ahadi," alisema Mwaisha. Aliyaacha magimbi.

Kazi ilimkamata Rehani kuliko alivyotegemea. Usukani wa mchezo aliutengeneza kwa mpini wa mwiko, juu yake akabandika kile kidude cha mviringo cha chupa ya marashi ya kwapa. Chini akafunga swichi nne ndogo alizozing'oa kwenye mausi mbovu za kompyuta. Vifuniko vya chupa za maji vikawa vitufe, na springi za kalamu zikavirudisha juu kila vilipobonyezwa. Lakini kioo kilimshinda. Cha kwanza alichokipata kwa wauza chakavu kilijaa mistari, cha pili kilizima siku ya tatu. Na kompyuta ya kuendesha michezo hakuipata kabisa.

Kompyuta nzima aliyoijua ilikuwa moja: laptopu yake mwenyewe, aliyoisomea na kuiandikia barua zote za kuomba kazi. Jumatano ya wiki ya mwisho aliifungua skrubu, akaipanga ndani ya sanduku. Mashine iliwaka. Muziki wa zamani ukajaa kibanda, na Josephina akaacha chipsi ziungue.

Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu. Kampuni moja ya Dodoma ilimwita kwenye usaili wa vitendo, Jumatatu. Kila msailiwa aje na laptopu yake. Lilikuwa jibu la kwanza kwa miaka mitatu.

"Mwambie mtani imeungua," Josephina alisema. "Atakutukana, yataisha. Mtani hapeleki mtu mahakamani."

"Ataniamini?"

"Atakuamini."

"Ndiyo shida yenyewe," alisema Rehani.

Jumamosi alipanda Kinole kwa bodaboda, sanduku amelipakata ndani ya nailoni, mvua ikimpiga usoni. Mwaisha alimpokea mlangoni.

"Karibu, baba. Pole na safari."

Hakumtukana. Hapo hapo Rehani akajua kuna jambo.

"Tangu Jumanne," mama huyo alisema kwa sauti ya chini. "Anaona dirisha tu, kama weupe. Irudishe, mtani. Mimi nimeshakusamehe, na Mohamedi huko aliko ameshasamehewa."

Moyo wa Rehani uliruka kwa furaha, kisha akaona haya kwa jinsi ulivyoruka. Jioni hii angekuwa mjini. Kesho angeirudishia skrubu. Jumatatu, Dodoma.

"Imekuja?" Said aliuliza kutoka ndani.

Waliiunga kwenye betri ya sola. Said aliushika mpini kama mtu anayemshika mkono mgeni aliyesubiriwa sana. Muziki ulipoanza alitega sikio, akavuta kushoto, akabonyeza. Rehani aliomba kimoyomoyo mkono ukumbuke njia. Haukukumbuka. Mashine ikatoa mlio wa kushindwa.

"Nimefika wapi?"

"Hatua ya kwanza, baba. Hukutoka."

Said alijaribu tena, na tena, na mara zote alifia pale pale. Mwaisha aligeukia ukuta.

"Utaondoka nayo?" Said aliuliza, mkono bado kwenye mpini.

Rehani alilisogeza sanduku karibu zaidi na Said.

"Mjomba alisema itakaa kwako," alijibu. "Inakaa."

Alimwonyesha Mwaisha pa kuwashia na pa kuzimia ili betri isiishe. Aliifuta simu yake maji, akaiandikia kampuni ya Dodoma ujumbe kwamba hatafika, akaaga. Bodaboda ilikuwa imeshaondoka, njia ni utelezi mtupu. Akaanza kushuka kwa miguu, na nyuma yake mashine ikalia mlio wa kushindwa, ikanyamaza kidogo, ikaanza upya.