Dumu la Baba Firdausi

Mwaka 2015 duka la mawese la Gharibu pale Kasulu lilikuwa limeshapata mpangaji mwingine. Tunu, mjane wake, kila akipita mbele ya mlango ule moyo ulimrudi nyuma. Enzi zake watu wa kijiji cha Kitanga waliteremka na madumu yao na kumpita kila muuzaji, kwa kuwa kwa Gharibu dumu la mteja lisipofika shingoni halitoki dukani. Alisema kipimo pungufu ni moto wa kesho. Tunu alimkumbuka hivyo, na kumkumbuka kukauma.

Miaka mitatu kabla, tumbo lilimshika Gharibu, likamchoma mpaka mgongoni. Daktari Raymond, kijana aliyeletwa kutoka Moshi, alishuku kongosho, lakini dawa ya kupimia damu ilikuwa imekwisha. Akampa dumu akusanye mkojo wa siku nzima, waone kama kimeng'enya cha kongosho kimezidi.

Mkojo haukufika hata robo. Gharibu aliona haya kupeleka dumu tupu. Mazoea yana tabu: alifungua bomba akalijaza mpaka shingoni, Tunu akimtazama.

Majibu yakatoka mazuri. Mkojo mwingi, kimeng'enya kidogo, kwa hiyo figo nzima na kongosho zima. Wakaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo waende nyumbani. Gharibu alikuwa amejikunja kwenye benchi, midomo imemkauka.

Tunu alijua akisema atamvua mumewe nguo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hakuwa tayari kumzika mtu kwa ajili ya haya.

"Daktari, aliongeza maji. Mkojo wenyewe ulikuwa kidogo mno."

Raymond aliweka kalamu chini. "Basi figo zimechoka, mama. Kimeng'enya hutolewa damuni na figo. Zikishindwa, kinabaki humo humo, na mkojo unaonekana hauna kitu."

Wakakimbizwa Kigoma mjini. Damu ilipopimwa, kimeng'enya kilikuwa kimejaa tele. Gharibu akalazwa, tumbo likapoa, ingawa figo hazikurudi kama zamani.

Muda wote wodini hakumsemesha mkewe. Siku ya kutoka ndipo alipofungua kinywa.

"Mama Firdausi, umeniaibisha mbele ya yule daktari, mtoto mdogo."

"Nimekuaibisha, Baba Firdausi. Twende ukaninunie nyumbani."

Alinuna njia nzima. Kisha akaishi miaka miwili mingine, wakagombana karibu kila asubuhi, na hakuna hata asubuhi moja ambayo Tunu angekubali kuikosa.