Kasyoki, Syoka

Jina Kasyoki, kwa Kikamba, limezaliwa na neno syoka, yaani rudi. Huku Mutomo kila mtu analijua hilo, na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna anayelifikiria. Kaveke naye hakulifikiria siku waliyomzika mama mkwe wake.

Waombolezaji walikuwa wanatawanyika, viti vya kukodi vinapakiwa. Kaveke akatoka mlangoni kumtafuta bintiye wa miaka sita, akamwona amechuchumaa kando ya kaburi jipya, anachezea udongo. Mtoto alibeba jina la nyanyake kama desturi inavyotaka, Kasyoki kwa Kasyoki. Basi Kaveke akapaza sauti: "Kasyoki! Syoka! Syoka nyumbani!"

Jirani yao Nzilani, mama Muindi kwa wanaomheshimu, aliacha kusugua sufuria.

"Aiya, Kaveke. Sasa hapo umeita nani?"

"Si namwita mtoto?"

"Kwa kaburi? Na hilo jina?"

"Mama Muindi, sisi tumeokoka. Hiyo ni maneno ya watu wa zamani." Akacheka. Mtoto akaja mbio, akaingia ndani, na mlango ukakaa wazi kidogo kabla haujajifunga.

Nyumba yenyewe Mwau, mumewe, aliijenga kwa woga, tusifichane. Kila dirisha lina vyuma, mlango wa mbele ni chuma kitupu, utadhani wezi wote wa Kitui humwota yeye. Mama yake alipoanza kusahau, akawa anatoka na kufuata mchanga wa mto bila kujua njia ya kurudi, Mwau alileta fundi akachomelea komeo nje ya mlango wa chumba chake. Kaveke ndiye aliyelifunga kila asubuhi alipoenda dukani. Bibi kizee aligonga, akaita, "Mwanangu, nifungulie," na Kaveke akaongeza mwendo, akijiambia ni kwa usalama wake. Alimpenda mama yule. Ndiyo maana ilimuuma.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Kaveke na Mwau wamekaa sebuleni na chai yao, wakasikia komeo la chumba cha marehemu likijifunga lenyewe kwa kishindo. Kasyoki mdogo alikuwa ameingia chumbani kwa susu yake, yaani nyanyake, kuchukua leso ya marehemu alale nayo. Mwau akalivuta komeo, likakataa. Akaleta nyundo, akapiga mpaka mpini ukavunjika, komeo halikupata hata mkwaruzo. Kaveke akakimbilia mlango wa mbele, nao ulikuwa umefungwa. Akashika vyuma vya dirisha akapiga mayowe. Nzilani alionekana ng'ambo ya ua, anaanika muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa, wala hakugeuza shingo. Hata bibi kizee, alipokuwa hai, alikuwa akipiga mayowe hivyo hivyo, na watu wakipita na shughuli zao.

"Mwaitu!" Mwau aliita. Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni mama yangu, na ndivyo alivyomwita bintiye tangu azaliwe kwa ajili ya lile jina. "Mwaitu, uko sawa?"

"Niko sawa, mwanangu."

Huo pia ulikuwa utani wao, mtoto alipenda kumjibu babake hivyo na nyumba nzima ikacheka. Leo hakuna aliyecheka, maana sauti ya kitoto iliendelea: "Mwau, niliiba nini hata ukanifungia?"

Mwau akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi. "Tuliogopa utapotea, mwaitu. Tungekutafuta wapi?"

Kaveke aliogopa, lakini akili ilikuwa bado yake. Akiita Kasyoki, ataita wawili. Basi akashika jina la kanisani, lile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. "Mercy! Mercy, toka, mama yuko hapa!" Aliita mpaka koo likakauka. Hakuna aliyeitika, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita mtoto hivyo, na mtoto mwenyewe hakujua kuwa ni lake.

Kisha akasikia sauti ndogo, imebanwa kwenye ufa wa mlango. "Mama, kuna giza. Nifungulie."

Mzazi gani angevumilia? "Kasyoki," akasema. "Syoka, mwanangu. Syoka."

Komeo likateleza taratibu. Mlango wa mbele nao ukafunguka, upepo ukaleta harufu ya mbuzi. Mtoto akatoka. Kaveke akamkumbatia, akampapasa uso, mikono, magoti, akakuta yuko mzima. "Mwau, vaa viatu," akasema. "Twende kwetu Kabati saa hii."

Mtoto akajitoa mikononi mwake bila haraka. Akapapasa ukuta akitafuta kitu, mpaka mkono ukapata mkongojo wa marehemu uliokuwa umesimamishwa kwenye kona. Akauegemea, akavuka kizingiti, akasimama juani.

"Haya, mwanangu," akamwambia Mwau. "Wacha ninyooshe miguu."

Mwau akamfuata, ameduwaa. Kaveke alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje aliposikia nyuma yake, kutoka chumba kile kilicho wazi na kitupu:

"Mama, nifungulie."

Sasa mlango wa chumba Mwau ameshaung'oa, komeo na vyote, na vyuma vya madirisha ameviuza. Nzilani hupita kumwita Kaveke waende sokoni. Kaveke humjibu kutoka ndani kwamba hawezi, mtoto bado hajatoka.