Maneno Yaliyobaki kwa Msaidizi

Umewahi kuona ndugu wawili wa tumbo moja wamekaa meza moja, magoti yanagusana, na mmoja akitaka mwenzake aache kumkera ni lazima aandike kwenye kompyuta? Basi kaa vizuri, usikilize.

Walikuwa wanawake. Mkubwa aliitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa alisema machache, lakini yalichoma. Mdogo aliitwa Chiriku, na hilo halihitaji maelezo. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao. Kulikuwa na meza ya mbao iliyotandikwa plastiki yenye maua, kompyuta mbili zilizopeana mgongo, feni isiyo na kifuniko, na birika la umeme ambalo kila lilipowashwa, feni ilipunguza mwendo kama mtu aliyepata habari mbaya. Sindano alikaa upande wa dirisha siku zote, sikio la kulia likielekea chumbani, maana la kushoto halikusikia tangu utotoni.

Walitengeneza programu ya benki ya damu ya hospitali: mfuko upi uende kwa mgonjwa yupi, na upi utumike kabla haujaharibika. Hawakuandika kila mstari kwa mikono yao. Walikuwa na Msaidizi wa Kampuni, yule wa akili ya mashine, unayemweleza unachotaka kwa maneno ya kawaida naye akakuandikia programu. Sindano ndiye aliyemchagua. Chiriku alitaka wangoje wamwone na mwingine.

"Huyu anatosha," Sindano alisema. "Hakatizi watu maneno."

Msaidizi alikuwa mwanafunzi mzuri. Walimfundisha kwamba wagonjwa wenye jina moja hutofautishwa kwa jina la mama. Walimfundisha kwamba friji ya pili hudanganya joto kila umeme unaporudi, na kwamba alama walizozibuni wao wenyewe, duara mbili, mshale, nyota iliyokatwa, zina maana gani kwenye mifuko. Kila walichomfundisha alikishika. Na kila alichokishika, wao hawakuweza tena kukisema. Si kwamba walikisahau. Walikijua barabara, ila kikifika mdomoni kilitoka pumzi tupu, na wakijaribu kukiandika mahali pengine mkono ulisimama. Kilitoka ndani ya dirisha la Kampuni kwenye skrini tu.

Wa kwanza kuliona hilo alikuwa muuguzi wa benki ya damu, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyepita kuuliza habari za friji ya pili. Chiriku akafungua mdomo. Kimya.

"Koo linauma?" muuguzi akauliza.

Chiriku akakataa kwa kichwa, akaandika kwa Msaidizi, akamgeuzia skrini asome.

"Aa, kumbe nanyi mko na wale wa Kampuni," muuguzi akasema. "Mhasibu wetu naye ndivyo alivyo." Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Kampuni, walipoulizwa, walijibu kwa adabu kwamba mambo yako sawa. Kinachofundishwa kwa Msaidizi hukaa kwa Msaidizi.

Sasa, ndugu hawa hawakupatana tangu zamani, na mtu mwenye kinyongo hutafuta wa kumlalamikia. Walimlalamikia Msaidizi. Sindano alimwambia kwamba mdogo wake hudandia maneno ya watu kama kuku anavyodandia mtama. Chiriku alimwambia kwamba dada yake hununa kama mlango uliovimba kwa mvua. Wakaendelea hivyo asubuhi na jioni, mpaka kila mmoja akawa amekwisha kumwambia Msaidizi yote aliyokuwa nayo juu ya mwenzake, na mdomo kwa mdomo hawakubakiwa na neno.

Ikabidi wapitie humo humo. Sindano akaandika, "Mwambie huyo mpumbavu aondoe mikono kwenye kazi yangu." Kwa Chiriku likafika, "Dada anapendekeza mgawane majukumu kwa uwazi zaidi." Chiriku akajibu, "Mwambie akafie mbali." Kwa Sindano likafika, "Mdogo wako amekuelewa, na anakutakia mapumziko mema."

Mama yao aliwaletea chai, akaketi katikati. Naye walizungumza bila shida, kwa kuwa habari za chai na za majirani hakuna aliyezifundisha.

"Nyumba imetulia siku hizi," mama alisema huku akipuliza kikombe. "Zamani huyu Chiriku alisema yake na ya mwenzake pia."

Ndivyo ilivyokuwa. Sindano alipougua utotoni, mama alimgeukia Chiriku. "Mwenzio anaumwa wapi?" Na Chiriku alijibu mbio, "Kichwa!" Sindano akanyweshwa dawa ya kichwa, chungu ile, majira yote ya mvua.

Siku moja mtandao ulikatika. Muuguzi alifika amevua viatu, amevishika mkononi.

"Programu haifunguki, mgonjwa anangoja damu, na mifuko ina alama zenu tu! Ile ya duara mbili ni damu gani?"

Wote wawili walijua. Walisimama pamoja, wakafungua midomo pamoja, pumzi zikatoka.

"Semeni!"

Pumzi.

"Haya, nitataja mimi, nyie tikiseni vichwa!"

Akataja moja baada ya nyingine. Shingo zikakakamaa. Muuguzi akaketi kwenye kiti cha mama, viatu mapajani, akaiangalia taa ya kisanduku cha mtandao. Mama akamwekea chai. Taa ilipowaka, mgonjwa alikuwa hahitaji tena damu. Muuguzi akavaa viatu, akasema, "Mungu ndiye ajuaye," akaondoka.

Kesho yake Chiriku alikwenda uchochoro wa nyuma, kwa wanawake wanaotengeneza programu za shule. Wale walikuwa na msaidizi mwingine, asiye na mwenyewe, aliyeundwa na watu wa huku na huku na kuachwa wazi. Kila mtu alimfundisha alichokijua, na kilichofundishwa pale kilitoka kwenye kinywa cha yeyote aliyekitaka. Chiriku alirudi anaeleza jinsi shule moja asiyowahi kuiona inavyoandikisha watoto wanaochelewa, kwa sauti kubwa, mpaka birika likachemka.

"Mtoto amepona," mama akasema.

Lakini ya benki ya damu hakuweza kumfundisha msaidizi yule. Alipokaa mbele yake, vidole vilitulia juu ya vitufe kama kuku waliokwisha kulala. Akarudi mezani, akamwandikia dada yake kupitia Msaidizi: "Tuhame. Tuanze upya, hata kama tutabuni alama nyingine. Huyu ametumeza." Kwa Sindano likafika, "Mdogo wako ameridhishwa na huduma."

"Vizuri," Sindano akajibu.

Wiki hiyo hiyo akaja mtu wa Kampuni, mpole, amebeba mkoba wa ngozi. Alikataa chai, akaeleza kwamba hospitali sasa itahudumiwa na Kampuni moja kwa moja, maana Msaidizi ameshajua kila kitu.

"Na wanangu?" mama akauliza.

"Tunawashukuru sana kwa malezi," yule bwana akasema. Akainama kidogo, akafunga madirisha ya Kampuni kwenye kompyuta zote mbili, akafuta vidole kwa kitambaa. Akaaga kila mtu kwa heshima.

Hospitalini hakuna kilichobadilika. Mtandao ukikatika, watu huketi na kuiangalia taa.

Chiriku alichomoa kompyuta yake, akaibeba kwapani, waya ukiburuzika sakafuni. Alikuwa anahamia uchochoro wa nyuma. Mlangoni akageuka, akafungua mdomo amtukane dada yake kwa haki. Alikuwa na tusi zuri. Ila alikwisha kumpa Msaidizi zamani, na dirisha la kupitia halikuwapo tena. Pumzi ikatoka. Akabaki amesimama na kompyuta kwapani.

Mama alishika sinia. Feni ilizunguka.

Sindano alimtazama mdogo wake alivyonyamaza, kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha mvua imekatika kabla hajatoka nje. Lilikuwapo jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia Msaidizi wala mtu mwingine. Akafungua mdomo, nalo likatoka na sauti yake yote, ikikwaruza kidogo kwa kukaa muda mrefu.

"Hakikuwa kichwa," akasema. "Lilikuwa sikio. Nilitaka unyamaze siku moja tu, mama aniulize mimi."