Toa Gunia

Kila asubuhi, kabla lango la ghala halijafunguliwa, mpimaji alivua viatu, akaweka funguo na simu juu ya meza ya karani, kisha akapanda mwenyewe juu ya mizani. Ndivyo alivyoikagua kwa miaka ishirini na saba. Uzito wake ulikuwa kilo sitini na moja, haupungui wala hauongezeki, ale asile. Mshale ukisimama kwenye sitini na moja, mizani ni nzima na kazi inaanza. Ukienda kwingine, anaitwa fundi.

Jumatatu hiyo mshale ulisimama kwenye tisini na sita.

Alishuka, akafuta vumbi chini ya bamba la chuma, akapanda tena. Tisini na sita. Akaleta mawe ya kupimia, moja la kilo ishirini na moja la kilo hamsini. Mizani ikasema ishirini, ikasema hamsini. Kwa hiyo mizani haikuwa na tatizo. Mpimaji alijitazama. Mikono ilikuwa ile ile kama vijiti, na mkanda wa suruali ulikuwa kwenye tundu la mwisho kama siku zote.

"Umenenepa?" karani aliuliza bila kuinua macho kwenye daftari. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hapakuwa na karatasi iliyopita mbele yake asiisome mpaka mwisho.

"Ninenepe kwa nini? Kwa chai kavu?"

"Basi ni madeni. Kilo thelathini na tano. Umesaini kitu hivi karibuni?"

"Jumamosi mchana. Karatasi ya kuongeza muda. Ya nane."

"Yako yamechelewa. Ya wengine huanza kuonekana kwenye karatasi ya tano. Baba yangu mdogo alifika kilo mia mbili, tukawa tunamwogesha amekaa." Akageuza ukurasa. "Fungua lango, watu wanasubiri."

Mpimaji akafungua lango. Wauzaji wakaingia na mahindi yao, na kazi ikaenda kama kawaida: gunia linapanda kwenye mizani, yeye anasoma mshale, anatamka "toa gunia", yaani karani aondoe robo tatu ya kilo ambayo ni uzito wa gunia tupu, na karani anaandika uzito wa nafaka peke yake. Katika miaka ishirini na saba hakuwahi kumlipisha mtu gunia. Alijivunia jambo hilo kuliko watu wengine wanavyojivunia nyumba.

Jioni alipanda ngazi za nyumbani kwake moja moja. Nyumba ilikuwa ndogo, vyumba viwili na ukumbi, lakini ilikuwa yake, na hati yake ilikuwa kwenye bahasha chini ya godoro. Alipokaa kitandani, miguu ya kitanda ilizama kidogo kwenye sakafu ya mbao.

"Mama watoto, madeni yameanza kupimika," alisema.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akipiga pindo la mapazia ya watu. Alikata uzi kwa meno. "Kilo ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Nilihisi. Tangu juzi nikilala nateleza kuja upande wako." Akasogeza kitambaa. "Haya, tuyahesabu."

Wakayahesabu. Mwenye duka la kona aliwadai elfu themanini za unga na sukari. Chama cha akiba cha wafanyakazi wa ghala kilidai laki moja na ishirini. Kampuni ya mikopo ilidai laki tano. Jumla ilikuwa laki saba kamili, na mke, ambaye hesabu zake zilikuwa za mkasi na futi lakini hazikukosea, akasema kwamba kila elfu ishirini ilikuwa na uzito wa kilo moja.

Juu ya meza palikuwa na fomu. Afisa mikopo aliitoa Jumamosi ile ile, pamoja na kalamu ya bure. Ilisema kwamba kampuni ingelipa madeni yote matatu kwa mkupuo, na mpimaji angebaki na deni moja tu, la miaka minne. Alichotakiwa kuweka ni hati ya nyumba. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa.

"Deni moja ni bora kuliko matatu," alisema mpimaji. "Kichwa kinapumua."

"Labda," alisema mke. "Wewe si mpimaji? Watu wanakuletea mizigo yao kutwa nzima. Kesho peleka na ya kwetu ukaipime kabla hujaamua."

Kesho yake, saa ya chakula, walisimama mbele ya mizani watu wanne: mpimaji, mkewe, karani, na mchukuzi mmoja aliyeitwa Kifua kwa sababu ya kifua chake. Kifua hakualikwa. Alikuja kwa sababu kulikuwa na jambo.

Mpimaji alipanda akiwa ameshika ile fomu mkononi. Mshale ulikwenda mia moja na kumi na nane.

"Toa sitini na moja," alisema karani. "Hamsini na saba. Thelathini na tano zimekuwa hamsini na saba, na bado hujasaini. Nyumba sijaitia."

Mke akamwondolea fomu mkononi, akaikunja.

Njia ya pili ilikuwa kuuza cherehani. Walikuwa wameileta kwenye mkokoteni wa Kifua. Mpimaji aliweka mkono juu yake, akatamka bei ambayo fundi wa mtaa wa pili alikuwa tayari kutoa, akapanda. Mshale ukashuka hadi themanini na sita. Alitabasamu. Kisha karani, ambaye hakuamini kitu kilichopimwa upande mmoja, akamwambia mke naye apande. Uzito wake wa siku zote ulikuwa kilo hamsini na nane. Sasa alikuwa sabini na moja.

"Umepungukiwa kumi," karani alimwambia mpimaji, "mwenzio ameongezewa kumi na tatu."

"Sikujua," alisema mpimaji.

"Sasa umejua," alisema mke, akamsaidia Kifua kurudisha cherehani mkokotenini.

Njia ya tatu ilikuwa shemeji, kaka yake mke, mwenye duka la vipuri. Alishasema angewapa laki tano bila riba. Mpimaji alitamka jina la shemeji, akapanda. Mshale ulikwenda tisini na sita, ukarudi tisini, ukapanda mia moja na tano, ukatetemeka, ukakataa kutulia.

"Ni maneno hayo," alisema mke. "Kaka yangu namjua. Atatukopesha leo, na kila msiba na kila harusi ataitangaza. Huo uzito haupimiki."

"Mimi ningehama mji," alisema Kifua. "Usiku huu huu. Unaacha vyote."

Kwa kuwa walikuwa wamekusudia kupima kila kitu, mpimaji alichukua begi la Kifua, akajiambia moyoni kwamba anahama, akapanda. Mshale ulionyesha tisini na tisa: tisini na sita zile zile, pamoja na kilo tatu za begi.

Hawakuwa na njia nyingine. Mpimaji alishuka, akakaa kwenye ukingo wa mizani, na bamba la chuma likalia. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Aliwaza ile bahasha chini ya godoro, na baba yake aliyefyatua matofali ya nyumba ile moja moja, na Ijumaa.

"Nionyeshe karatasi za kampuni," alisema karani. "Zote."

Mke akazitoa kwenye mkoba. Karani alizisoma akitembeza kidole, mstari kwa mstari, huku wauzaji wakigonga lango. Kisha akavua miwani.

"Ulikopa kiasi gani?"

"Laki sita. Upepo ulipochukua paa."

"Umeshalipa laki saba na nusu. Unadaiwa laki tano." Alimtazama kama mtu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyekosea hesabu nyepesi. "Mpimaji, umetoa gunia?"

Mpimaji aliinuka, akaziinamia zile karatasi.

"Nafaka uliimaliza mwaka jana. Kila miezi mitatu ulipokwenda kuongeza muda, walichukua ada, wakaiongeza kwenye deni, wakalivalisha deni gunia jipya. Hizo kilo ishirini na tano za kampuni hazina punje hata moja ndani. Ni magunia manane, moja ndani ya jingine."

Mpimaji alicheka mpaka akashika ubavu. Miaka ishirini na saba alikuwa amewatolea gunia watu asiowajua hata majina, na mzigo wake mwenyewe aliubeba na gunia lake, akausainia mara nane kwa mwandiko mzuri. Mkewe naye akacheka. Kifua alicheka kwa kuwa wenzake wanacheka.

"Na hapa," karani aliendelea, akigonga ukurasa wa mwisho, penye maandishi madogo kama chawa, "kifungu cha kumi na nne. Mteja asiyetaka kuongeza muda anaweza kuomba kwa maandishi kulipa kwa mafungu kumi, bila ada nyingine."

Ijumaa mpimaji alivaa shati lake la kola, akaenda kwenye kampuni. Ofisi ilikuwa na sakafu mpya ya zege, maana ile ya vigae ilishapasuka. Watu walikuwa kwenye foleni, wakitembea taratibu kama wanaopita kwenye tope. Afisa mikopo alikuwa dada kijana, mwenye heshima, na kiti chake kilikuwa kimefungwa vyuma vinne.

"Shikamoo mzee. Umeniletea fomu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea barua. Kifungu cha kumi na nne." Akaiweka mezani. "Na swali. Hizi laki tano ni gunia tupu. Nafaka nilishalipa."

Dada aliangalia kwenye kompyuta yake. "Ni kweli, mzee wangu. Ni gunia."

"Basi litoeni."

"Sisi hapa tunapima na gunia. Ndivyo mkataba ulivyo." Hakusema kwa ubaya. "Lakini hiki kifungu kipo. Elfu hamsini kila mwezi, miezi kumi."

"Mbona hamkuniambia miaka yote miwili?"

"Hukuuliza."

"Na nikikosa mwezi mmoja?"

"Gunia." Akagonga muhuri kwenye barua, kisha akainama mbele kidogo, na vyuma vya kiti vikalia. "Usikose, mzee wangu. Mimi nilichukua ule mkopo wa wafanyakazi. Nina kilo arobaini na mbili, na nina miaka ishirini na sita."

Kutoka pale mpimaji alikwenda kwa mwenye duka la kona, akasimama mbele yake kwa miguu yote miwili.

"Deni lako linanilemea kilo nne," alisema. "Tangu mwaka jana ni elfu themanini zile zile, halijaongezeka hata shilingi. La kampuni ndilo linalovimba. Naomba nilimalize lile kwanza, halafu nije kwako."

Mwenye duka alikuna kidevu. "Yaani unanifanya nisubiri kwa sababu mimi ni mtu mwema?"

"Ndiyo."

"Na nikianza kuwa mbaya?"

"Nitakuweka mbele."

Mwenye duka alicheka, akampa na kiberiti, akisema hicho hakiandikwi. Chama nacho kilikubali, baada ya kikao kirefu ambamo karani alisoma kifungu cha kumi na nne kwa sauti mara mbili, na wanachama watano wakaomba kalamu.

Elfu hamsini hazikupatikana kirahisi. Mke alichukua kazi ya kushona vifuniko vya magari. Mpimaji alimwomba meneja wa ghala amwachie mizani Jumamosi alasiri. Wakaanza kuja watu: fundi bomba aliyekuwa akizama kwenye udongo laini, mwalimu aliyevunja viti vitatu vya shule, bibi mmoja mdogo kama ndege mwenye kilo mia moja na thelathini. Mpimaji alisoma mshale, karani alisoma karatasi, wakamwambia kila mtu kiasi cha nafaka na kiasi cha gunia. Mtu alitoa alichonacho, na asiyekuwa nacho alipimwa hivyo hivyo. Wengine walikwenda kampuni na barua. Wengine walikwenda wakaongeza muda, kwa kuwa ada ya shule haikusubiri, na mpimaji hakuwalaumu.

Kila mwezi alipungua kilo mbili na nusu. Mwezi wa nne kitanda kiliacha kuzama. Mwezi wa saba alikosa elfu tano, akauza saa yake ya mkononi asubuhi, akalipa mchana. Mwezi wa kumi alipewa risiti ya mwisho, na alipotoka mlangoni aliruka kidogo bila kukusudia, mbele ya watu, mzee mzima. Mwenye duka alimalizana naye kabla ya mvua, na chama baada yake.

Wiki iliyofuata tarishi wa kampuni alifika nyumbani, pikipiki yake ikiwa imelala kwa nyuma. Alishusha barua kwa mikono miwili, akaiburuta mpaka mlangoni, akajifuta jasho.

"Saini hapa, mzee. Ni hongera. Wewe sasa ni mteja mwaminifu, wanakupa mkopo wa milioni mbili bila maswali."

"Umebeba barua ngapi hivi leo?"

"Mtaa huu peke yake, kumi na tisa."

"Pole sana, mwanangu. Karibu maji."

Tarishi alikunywa maji, akashukuru, akaondoka. Mpimaji na mkewe waliitazama ile barua. Walijaribu kuiingiza ndani, wakaona haina haja. Mlango wa mbele ulikuwa na tabia ya kujifunga kwa upepo, na chumba cha cherehani kilikosa hewa siku nzima. Mke aliusukuma mlango ukafunguka wote, mpimaji akaisogeza barua kwa mguu mpaka ikauzuia vizuri, na mwanga ukaingia hadi kwenye cherehani.